Yule binti hakulia pale mlipoona analia

Wengi mlikosa kufika Jumamosi pale ukumbini Moshi mjini mkaniomba niandike nilichoongea, basi ndo hiki hapa, nimekiacha kama kilivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu mliokaa huku mbele, na nyie wadogo zangu mliojazana mlangoni mambo zenu, ingieni basi, kuna viti vitatu hapa pembeni.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimekulia Majengo, mama alikua anauza ndizi soko la Mbuyuni na najua kuna watu humu mmekula ndizi zake. Nimeitwa kwasababu kuna usaili wa shoo ya vipaji unakuja na vijana wengi wa mji huu wanajiandaa, na mimi nimefanya kazi miaka minne Dar kama edita, yaani yule mtu anayekata na kuunganisha picha kabla hazijafika kwenye tivii zenu. Sikuja kuwaambia msiende. Nimekuja kuwaeleza kilichokua kinafanyika upande wangu, kwenye kile chumba chenye kompyuta na mapazia meusi, alafu kila mtu atapima mwenyewe.

Nianze na binti mmoja. Jina lake silitaji, na shoo yenyewe siitaji, ila yeye mwenyewe kaniruhusu nisimulie. Alikua dada wa kazi kwenye nyumba moja kule Shanty Town, akaomba ruhusa ya siku moja, akaja kwenye usaili na sketi ndefu ya bluu na viatu vya kuazima ambavyo vilikua vikubwa kwahiyo alikua anatembea kwa kuburuza kidogo, ukiangalia ile picha unaona kabisa anabana vidole visichomoke. Akaimba wimbo wa kwaya. Ubeti wa kwanza aliimba vizuri, nawaambia aliimba vizuri, mimi nimeusikiliza kwenye hedifoni labda mara thelathini. Ubeti wa pili akaanza juu mno, sauti ikamkatikia, akasimama, akaomba kurudia, wakamwambia inatosha.

Sasa mlichoona nyie nyumbani. Ubeti wa kwanza haukuwepo. Ulianza wa pili moja kwa moja, sauti inakatika, alafu jaji mmoja anacheka mpaka anafuta macho, alafu binti analia. Kile kicheko kilikua cha saa kumi jioni, kijana wa maiki alijikwaa akamwaga chai na jaji akacheka, binti mwenyewe aliimba saa tano asubuhi na wakati anaimba yule jaji alikua amenyamaza tu anaandika. Na yale machozi yalikua ya kabla hata hajaimba. Prodyuza alimtoa nje chini ya mti akaanza kumuuliza mama yako yuko wapi, alikufaje, ulikua na umri gani, nani alimzika, akamuuliza na kumuuliza mpaka binti akalia, kamera inaendelea. Mimi nikaambiwa yahamishe yakae mwisho, baada ya hapana ya majaji. Nikayahamisha. Na pale sauti inapokatika nikaweka mlio wa kuku.

Nilikua na miaka 25 na nilisifiwa kwa ile kazi, klipu ilizunguka kwenye WhatsApp nchi nzima.

Nataka mlione hili vizuri kwasababu ndo jambo lililonileta. Binti aliimba kweli, jaji alicheka kweli, machozi yalikua ya kweli, hakuna hata kimoja kilichoigizwa. Ndo maana watu wanaitetea sana rialiti, yaani hizi shoo za watu wa kawaida wasioigiza, wanakwambia jamani si ameonekana mwenyewe, si kasema kwa mdomo wake. Ni kweli kasema. Ila nani kaamua kipi kije kabla ya kipi? Ukiwa na masaa mia mbili ya picha na unahitaji dakika arobaini na tano, wewe ndo unaamua nani mpole na nani mkali, na huhitaji kudanganya hata neno moja.

Na uamuzi huo haukua unaanzia kwangu. Pale ofisini kulikua na ubao mweupe, na wiki mbili kabla kamera hazijatoka Dar ubao ulikua umeshaandikwa. Haukua na majina ya watu, ulikua na nafasi. Yatima. Mrembo. Mgomvi. Mcheshi. Mshamba. Mtoto wa kishua. Mikoani tulienda kujaza ubao. Na nimekaa miaka minne nikiangalia nani anaingia wapi, na ingekua bahati nasibu nisingekua na la kusema leo, lakini haikua bahati nasibu hata kidogo. Binti mweusi tii anayetoka kazi za ndani alikua anaenda kwenye mshamba au yatima. Binti mweupe, hata kama weupe wenyewe ni wa mkorogo, mrembo. Mwanamke anayejibu anapoulizwa, mgomvi. Kijana wa Kimasai aliyekuja na rubega alikua anaenda kwenye mcheshi kabla hajafungua mdomo, na tulikua tunampiga picha anaangalia lifti, anaangalia simu, kama vile Arusha na Moshi hakuna Mmasai mwenye digrii. Mchaga anaulizwa habari ya pesa. Mtu wa pwani anaombwa acheze kidogo.

Hata maswali yalitofautiana. Kijana anayeshuka kwenye gari ya baba yake aliulizwa una ndoto gani. Aliyekuja kwa miguu kutoka Pasua aliulizwa umepitia magumu gani. Nilikua nayasikia haya maswali kutwa nzima kwenye hedifoni na ilinichukua zaidi ya mwaka kugundua kwamba maskini kwenye ile shoo hakuwahi hata mara moja kuulizwa anapenda muziki gani.

Msidhani hii ni ya kwetu tu, tumeipokea ikiwa imeshapikwa. Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka 1999, wakaweka watu ndani ya nyumba, kamera kila kona, ikauzwa dunia nzima kama mtu anavyouza mtambo wa kutengeneza soda. Na sababu kubwa ni bei. Tamthilia unalipa waigizaji, unalipa waandishi, huku unachukua watu wanaotaka kuonekana, wengi hawadai hata mia, na watazamaji wanapiga kura kwa meseji zinazokatwa zaidi ya meseji ya kawaida. Marekani waandishi wa filamu na tivii walipogoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, stesheni zilijaza ratiba na rialiti. Mtu wa kawaida ni malighafi ya bei nafuu, na malighafi ya bei nafuu haina wa kuitetea.

Kwa Afrika nzima kwa pamoja ilifika 2003, Big Brother Africa, nchi 12 nyumba moja Johannesburg. Mi nilikua darasa la saba, tulikua tunachungulia dirishani kwa jirani mwenye dishi, tukimshangilia Mwisho Mwampamba wetu. Akashinda Cherise wa Zambia, dola laki moja. Na niseme kwa haki, ile shoo ilifanya kitu kizuri, ilikua mara ya kwanza mimi kumuona Mnamibia anapika, Mghana anapiga mswaki, Mganda anagombania zamu ya kuosha vyombo, Waafrika ambao hawana njaa wala vita. Hicho kitu hatukua nacho kwenye taarifa ya habari. Lakini na kamera za bafuni zilikuwepo, na Bunge la Malawi likapiga kura mwaka ule ule isirushwe, baadae mahakama ikatengua. Mabishano yote yalikua ya maadili, je ni sawa kuonyesha. Sikumbuki mtu aliyeuliza kwanini watu mtaani walikua wanamjadili sana mwanamke aliyeoga kuliko mwanaume aliyeoga, na wote walikua wanaoga.

2007 Mtanzania mwenzetu Richard akashinda. Alikua na mke nyumbani, ndani akawa na uhusiano na Tatiana wa Angola, mbele ya bara zima, na akashinda, na sisi tukasherehekea. Simhukumu yule kaka, ni maisha yake. Nawauliza nyie mliokua mnapiga kura, mama zangu nawaomba mnijibu kwa moyo: angekua ni binti wa Kitanzania ameacha mume Dar, angerudi akute maua uwanja wa ndege? (Hapa ukumbi ulilipuka, mama mmoja akasimama akasema angekuta fimbo.) Haya, mmejibu.

Sasa rangi. Huko Ulaya na Marekani ndo inaonekana waziwazi kwasababu hawawezi kuificha. The Bachelor, ile ya mwanaume mmoja anachagua mke kati ya wanawake kibao, ilianza 2002. Mweusi wa kwanza kuongoza ile ya upande wa wanawake, ambapo mwanamke ndo anachagua mume, Rachel Lindsay, ni 2017. Mwanaume mweusi wa kwanza, Matt James, ni 2021. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Na katikati hapo, 2012, wanaume wawili weusi wa Nashville walienda mahakamani wakisema usaili unabagua, kesi ikatupwa, mahakama ikasema kuchagua nani aonekane kwenye shoo ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Mnaona? Ule ubao mweupe una ulinzi wa sheria. Na 2006 Survivor, ile shoo ya Marekani ya kuishi porini kisiwani, waliamua kuwagawa washindani kwa rangi kabisa, timu ya weusi, ya Waasia, ya Walatino, ya wazungu, kama vile mashindano ya mbio za mbwa, baada ya muda mfupi wakazichanganya, na mwisho akashinda Yul Kwon mwenye asili ya Korea. Kelele zilipigwa sana. Watazamaji walikuja.

Ila kisa ambacho mimi huwa sikimalizi kukifikiria ni cha Uingereza. Mwaka 2002 aliingia Big Brother ya kule dada mmoja anaitwa Jade Goody, msaidizi kwenye kliniki ya meno, mtoto wa familia yenye shida ya kusini mwa London. Hakujua vitu vingi, hakujua hata sehemu za nchi yake mwenyewe, na kamera ikampenda kwa hilo. Magazeti yakamwita nguruwe. Nchi nzima ikamcheka, alafu ikampenda, akawa tajiri kwa kuchekwa. 2007 wakamrudisha kwenye ile ya mastaa, na humo ndani wakamweka Shilpa Shetty, mwigizaji wa filamu za Kihindi, ambaye hapa hakuna mama asiyemjua. Jade na wenzake wakamcheka lafudhi, wakamsema anavyoshika chakula kwa mikono, Jade akamwita kwa jina la chakula cha Kihindi. Malalamiko zaidi ya 44,000 yakafika kwa mamlaka ya utangazaji, mdhamini akajitoa, na Shilpa akashinda. Jade akageuka adui wa taifa. Machi 2009 akafa kwa saratani ya shingo ya kizazi, ana miaka 27, na kamera zilikua naye karibu mpaka siku za mwisho.

Watu wanakisimulia kama kisa cha ubaguzi wa rangi na ni kweli ulikua ubaguzi, alichomfanyia Shilpa hakina utetezi. Lakini mimi kama edita naona na kitu kingine. Aliyeajiri watu alijua Jade ni nani, alikua ameshamuuza miaka mitano kama mjinga wa taifa. Akamchukua mwanamke maskini asiye na elimu akamkalisha na mwanamke wa Kihindi tajiri, mzuri, mwenye adabu, akafunga mlango, akawasha kamera. Mlitegemea itokee nini? Ujinga wa Jade uliuzwa 2002 kama kichekesho na 2007 ukauzwa kama kashfa, na mara zote mbili pesa ilienda kule kule. Ndo maana nasema huwezi kutenganisha rangi na umaskini na uanamke ukiangalia hizi shoo, kwenye ule ubao vinakaa kwenye nafasi moja.

Turudi nyumbani, mlima wetu huu. Machi 2009, mwezi ule ule, mastaa tisa wa Uingereza walipanda Kilimanjaro kwa ajili ya Comic Relief, shirika la hisani la kwao, kina Gary Barlow na Cheryl Cole, tarehe 7 wakafika kileleni na BBC wakatengeneza kipindi, zikachangwa zaidi ya pauni milioni 3 za kupambana na malaria. Pesa ile ilifanya kazi njema na siwezi kuibeza, malaria imezika watoto wa mtaa wetu. Nauliza kitu kimoja tu, jina la mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, hata mmoja mnalikumbuka? Mtu hapandi ule mlima bila wagumu, wao ndo wanatangulia na mahema, na majiko, na maji, kilo 20 kichwani, wakiwahi ili mgeni akifika akute chai. Mjomba wangu alikua mgumu miaka kumi na sita. Ameshabeba mizigo ya watu wa kamera, sio hao, wengine, na anasimulia kwamba kuna safari moja juu ya ukuta wa Barranco, ule mwamba mrefu wa kupanda kwa mikono, waliambiwa wagumu wote rudini nyuma ya yale mawe mkae chini, tunataka picha ya wageni wakiwa peke yao mlimani. Wakakaa nyuma ya mawe karibu saa zima, baridi inawapiga, mzigo mgongoni kwasababu ukiutua kuunyanyua tena kwa kimo kile ni kazi. Alafu kipindi kikatoka, wageni wako peke yao mlimani. Mjomba alikiona kwenye simu yangu. Akanionyesha jiwe kwa kidole, akasema mimi niko hapo nyuma.

Shoo nyingine ikija huku inamchukua Mmasai. The Amazing Race, ile ya Marekani ya kushindana kuzunguka dunia, msimu uliorushwa 2012 ilipita Tanzania na Wamasai wakawemo kwenye mazoezi ya washindani, na ni kawaida ya shoo za namna hiyo kwamba mshindani anapewa jina, historia, machozi, mchumba wake anayemsubiri nyumbani, na mwenyeji anapewa mkuki. Anasimama nyuma anatabasamu. Hana hata sentensi moja yenye tafsiri chini.

Naomba niseme kidogo kitu cha kiufundi kwasababu kuna vijana wa kamera humu. Ngozi nyeusi haitaki taa nyingi, inataka taa iliyofikiriwa. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe ukaiacha kamera iamue yenyewe, kamera inaufuata ukuta, uso unakua shimo, macho na meno tu. Hii ina historia, kwa miaka mingi maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, zenye picha ya mwanamke wa kizungu, kadi ziliitwa Shirley, yaani ngozi sahihi ilikua ya kwake na nyingine zote zilikua tatizo. Leo kamera ni nzuri, hakuna kisingizio, fungua lenzi kidogo, weka taa ubavuni, tumia ukuta wa kahawia. Inachukua dakika tano. Kwenye kazi yetu hizo dakika tano zilikua zinatolewa kwa washiriki weupe, sababu ndo waliokua wanapigwa picha za karibu, na weusi wakipita wanapita tu na ule ukuta wao. Alafu tunashangaa mabinti wetu wananunua mkorogo. Dada zangu nimekaa na picha zenu kwenye kompyuta miaka minne, hakuna uso wa hapa uliokua na kasoro. Taa ndo zilikua na kasoro.

Kuna mtu atasema sasa hivi mambo yamebadilika, tuna shoo za Waafrika matajiri, ile ya Netflix iliyoanza 2022, Young, Famous & African, Diamond wetu yumo na Zari yumo, Kenya nao 2023 wakapata Real Housewives yao ya Nairobi. Nimeziangalia, na furaha yake naielewa, mtu mweusi anashuka kwenye ndege binafsi na hakuna mzungu wa kumsindikiza. Kuna dada mmoja saluni hapa Moshi aliniambia naangalia ili nipumzike na shida, nikamuelewa kabisa. Ila angalieni wakati wanakula. Chakula kinafika mezani, glasi zinajaa, nguo zimenyooka, na aliyepika, aliyejaza, aliyenyoosha, ni mkono tu unaopita pembeni ya picha. Yule binti wangu wa Shanty Town kwenye shoo ya maskini ni kichekesho na kwenye shoo ya matajiri ni mkono. Na wale wanawake matajiri wenyewe hawakupona, wamewekwa pale wagombane, kwenye kila kipindi lazima kuna mmoja anamwagia mwenzake kinywaji, ni lile lile neno mgomvi la kwenye ubao isipokua sasa limevaa almasi.

Sasa inawezekana kufanya vingine? Inawezekana na imefanyika kwetu. Oxfam, lile shirika la misaada, walianzisha hapa Tanzania shindano la Mama Shujaa wa Chakula mwaka 2011, baadae likaingia ndani ya Maisha Plus, ile ya kijijini ya Masoud Kipanya. Wanawake wakulima, wafugaji, wavuvi, wanakaa kijijini mbele ya kamera na nchi inawapigia kura. Wanawake wenye mikono yenye sugu, weusi, wengine hawajasoma, yaani wale wale ambao kwetu walikua wanaenda kwenye mshamba. Na hawakuchekwa. Nimejiuliza sana kwanini, maana kamera ni zile zile na Watanzania ni wale wale. Jibu langu ni kwamba waliingia kwa kitu wanachokijua. Mama aliulizwa shamba lako unalilimaje, mbegu unahifadhije, ardhi ni ya nani, akajibu kama mtaalamu kwasababu ni mtaalamu. Swali la kwanza ndo linakuweka kwenye ubao. Ukiulizwa kuhusu kazi yako unakua mtu mwenye kazi, ukiulizwa kuhusu msiba wako unakua msiba.

Nimalizie na yule binti. Miaka mitatu baada ya ile klipu nilikua nimeacha kazi, nimerudi Moshi, nikaenda Kiboriloni siku ya soko kutafuta nguo za mtoto. Nikasimama kwenye meza ya mitumba, nikasikia sauti inaita wateja, na nikaijua kabla sijanyanyua kichwa, si nilisema nimeisikiliza mara thelathini. Alikua yeye. Hakua ananijua, angenijuaje. Ningeweza kuondoka. Nikamwambia mimi ndo niliyeunganisha ile video. Akakunja kigauni alichokua ameshika, akakiweka chini, akasema, "Kumbe ni wewe uliyeweka kuku."

Hakunitukana. Akanipa kigoda. Akanisimulia kwamba mama mwenye nyumba alimfukuza wiki ile ile, alisema amewaaibisha, kwaya ikamtoa kwenye mstari wa mbele, watoto wa mtaani walikua wanalia kama kuku akipita. Nikaanza kuomba msamaha akanizuia. Akasema, "Dada, la kuimba vibaya nilishalikubali, ule ubeti wa pili niliuharibu mwenyewe. Ila watu wote wanadhani niliwalilia wale majaji. Mimi nilikua namlilia mama yangu."

(Hapa nilinyamaza kidogo ukumbini, na hapa pia nanyamaza.)

Alikua amesaini fomu. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, asubuhi na mapema kwenye foleni ya watu mia nne, mtu anakusukuma nyuma, anakuazima kalamu. Mimi ninayo nakala ya fomu kama ile hapa mkononi. Kuna kifungu kinasema kampuni inaweza kukata, kupanga upya, kuongeza sauti na kutumia picha zako kwa namna yoyote, popote, milele, bila kukulipa, na kwamba ukionekana tofauti na ulivyo hutodai. Kimeandikwa hivyo hivyo, ukionekana tofauti na ulivyo. Walijua.

Baada ya hapo yalikuja maswali, nitaandika moja tu. Kijana mmoja wa Soweto, mwembamba, ana gitaa mgongoni, akauliza, "Dada, sasa mimi nisiende? Maana sina njia nyingine." Nikamwambia mdogo wangu nenda, gitaa hilo halikubebwa bure. Ila omba fomu siku moja kabla, ni haki yako kuisoma ukiwa umekaa. Wakikuuliza habari za msiba wako na wewe hutaki, sema naomba tuongee kuhusu muziki wangu, na ulirudie jibu hilo hilo neno kwa neno kila wakiuliza, maana edita hawezi kutengeneza machozi kutoka kwenye sentensi moja inayojirudia, nakuhakikishia nimejaribu. Usiimbe wimbo wa pili kama wa kwanza umetoka vizuri. Nenda na mtu mzima asimame karibu. Na ukifika ukakuta ukuta mweupe, muulize kwa heshima kijana wa kamera kama anaweza kukusogeza upande wenye kivuli.

Fomu zenu nileteeni Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, nitakua nimekaa meza ile ya dirishani, tutazisoma kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Hakuna malipo. Yule dada wa Kiboriloni naye atakuwepo akishafunga meza yake, amesema atakuja mchana.